Orodha ya Wazungu na Pacha Wangu

Asubuhi moja hapa Brussels, pale Schuman, mbele ya mlango wa metro, vijana wenye kofia za kijani walikuwa wakigawa kahawa ya bure. Vikombe vidogo, vya moto, vyenye harufu nzuri kuliko kahawa yote iliyowahi kuchemshwa duniani. Wenzangu wa usafi, ambao tulikuwa tumetoka nao ofisini dakika ile, walichukua viwili viwili. Mimi nikasimama pembeni, mikono mfukoni, nikimwangalia kijana mmoja usoni kama askari wa mpakani anavyomwangalia mtu mwenye pasi mpya.

"Chukua, bwana, ni bure," akaniambia kwa Kifaransa.

"Bure ya nani?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Haikupita hata dakika tano, yule kijana akatoa tableti na kuanza kuwaomba wenzangu majina na anwani zao. Nikawanyooshea kidole: mmeona? Hapa unakunywa kwanza, orodha inakuja baadaye. Kule kwetu orodha ilikuwa inatangulia. Lakini orodha ni ileile.

Watu wanaonijua watashangaa kusoma haya, maana mimi ni mtu wa kicheko. Harusi yoyote Matonge, mtaa wetu Wakongo hapa mjini, bila mimi ni kama mazishi. Lakini kitu cha bure nitakigeuza juu chini, nitakinusa, nitataka kujua nani amekituma na atarudi lini. Nimekulia kambini, baada ya vita kututoa kwetu Kivu. Huko nilifundishwa kwamba unga hauji peke yake. Kwanza anakuja mtu mwenye kalamu.

Siku ya orodha, foleni ilikuwa ndefu hivi kwamba watu wa mbele walikuwa wanazeeka kabla ya watu wa nyuma kuzaliwa. Kila mkuu wa familia alifika mezani na kutaja idadi ya watoto wake. Baba yangu alisema saba. Tulikuwa sita. Wa saba alikuwa pacha wangu.

Baba alikuwa na akili. Mtoto mwingine yeyote ungelazimika kumwazima kwa jirani siku ya ukaguzi, naye angeweza kusahau jina lake la uongo. Lakini pacha unaye tayari. Anahitaji shati lingine tu. Mkaguzi alipofika, mimi nilisimama mbele ya hema na shati jekundu, nikataja jina langu. "Na mwenzake?" Baba akasema yuko nyuma anachota maji. Nikazunguka hema nikikimbia kwa kasi ambayo hata leo hakuna aliyeifikia katika michezo ya dunia, nikavua jekundu, nikavaa la bluu, nikarudi nikitembea polepole na kidumu mkononi. Mkaguzi akaandika. Pacha wangu akala miaka miwili bila kuugua hata mafua.

Ndiyo maana humu sitaji jina la mtu, hata langu. Aliyekuwa na majina mawili utotoni hujifunza kuyatunza.

Hema la pili, jirani na letu, lilikuwa la mama yangu mdogo. Yeye alikuwa na watoto wanne, na alipofika mezani akasema wanne. Kambi nzima ilimcheka. Baba alimwambia hata kuku hujitutumua akiona paka. Yeye akajibu kwamba hawezi kumpa jina mtoto ambaye hajamzaa. Wale wanne walikuwa wembamba kuliko sisi, shingo kama vijiti, na watu walisema ni damu ya upande wa baba yao. Leo ni watu wazima, wametawanyika, wana matumbo yao. Mama mdogo anakaa nami hapa Ixelles, katika nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya nne. Ghorofa ya nne, lakini kwa ngazi zile naapa ni ya kumi na mbili. Kila akipakua chakula, miaka yote hii, ananiwekea vipande viwili vya samaki. "Ya weye," anasema, "na ya ndugu yako." Huo ndio utani wetu.

Basi, mtu wa namna hiyo, nikiwa na miaka thelathini na tisa, nilikuwa mwanafunzi wa shule ya jioni. Nilitaka kuwa muuguzi. Shule ya wauguzi ilikuwa inafungua Septemba, na ilihitaji diploma ya sekondari ambayo vita viliniachisha njiani. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeshindwa mtihani. Nikishindwa tena, ningerudi kwenye ndoo yangu, na ndoo ile tulikuwa tumeshachokana.

Kazi ya mwisho ilikuwa kuandika insha ndefu na kuitetea mbele ya juri. Mada zilichaguliwa kwa kura. Madame, mwalimu wetu wa historia, mwanamke mfupi mwenye miwani inayoning'inia kifuani, alipitisha sanduku la viatu lenye karatasi zilizokunjwa. Jirani yangu alipata mada ya reli. Mimi nikafungua yangu: jinsi msaada wa Amerika wa kuijenga upya Ulaya baada ya vita ulivyoanza.

Nikamtazama Madame. Kati ya karatasi zote zile, hii ndiyo inayomfikia mtoto wa kambi? Akanitabasamia. Tabasamu lile nililiweka akiba, nikisubiri kujua maana yake.

Nikaenda maktaba, nikasoma vitabu vyote vilivyokuwapo. Vyote, yaani vinne. Na nilivisoma kama baba angevisoma, nikitafuta nani ananufaika. Vita vimekwisha, Ulaya iko chini. Madaraja yamevunjika, makaa ya mawe hayatoshi, mkate unagawiwa kwa kadi, kisha ukaja msimu wa baridi uliogandisha hata mito. Wajumbe wa Amerika wakazunguka, wakaona, wakarudi kwao na nyuso mbaya. Hapo waziri wao wa mambo ya nje, jenerali wa zamani, akaenda kwenye mahafali ya chuo kikuu kimoja akasoma hotuba. Hotuba iliyogeuza bara zima, na ni fupi kuliko matangazo ya Jumapili kanisani kwetu.

Niliandika kurasa kadhaa za shuku tupu. Amerika ilikuwa na viwanda vinavyotoa bidhaa na ilitaka wanunuzi wake wasimame. Tena iliogopa wakomunisti wasije wakaingia katika nyumba zenye njaa. Warusi walifika Paris kusikiliza, wakaambiwa kila nchi iwaonyeshe wenzake hali ya uchumi wake, wakashuku wanahesabiwa, wakaondoka. Mimi si mtu wa siasa zao, lakini swali lao nalijua. Baba yangu aliliuliza kila mwezi. Tofauti ni kwamba baba, akishauliza, alibaki kwenye foleni.

Madame aliandika "vizuri" pembeni mwa kurasa hizo. Hilo nalo lilinitia wasiwasi.

Lakini kilichonitoa jasho kilikuwa kitu kingine. Yule waziri hakusema tutawapa kiasi fulani. Alisema, kwa maneno yangu, ninyi watu wa Ulaya kaeni kwanza mpatane, kisha mtuambie mnahitaji nini. Nikafunga kitabu. Nikakifungua tena. Hiyo si hotuba, nikasema kwa sauti, na mtu wa maktaba akanitazama. Hiyo ni siku ya orodha! Nikaendelea kusoma: nchi kumi na sita zikakutana Paris, kila moja ikaleta mahitaji yake, wakajumlisha, na jumla ikatoka kubwa hivi kwamba Waamerika wakawaambia kwa upole: hapana, rudini mkapunguze.

Nilirudi nyumbani nikiruka ngazi tatu tatu. Mama mdogo alikuwa jikoni akichambua maharage.

"Mama mudogo! Bazungu nabo baliongeza!"

"Baliongeza nini?"

"Orodha! Kila inchi ilipita mezani, ikasema saba."

Akaacha maharage. "Bazungu? Ba hapa hapa?"

"Ba hapa hapa. Habakuongeza batoto, baliongeza ngano, vyuma, makaa."

"Ee, ni batoto tu," akasema, akacheka mpaka akajifuta machozi na kitambaa cha sahani. Kisha akarudi kwenye maharage yake, na kicheko kikaisha mapema kuliko nilivyotaka. "Na hakukuwa hata inchi moja ilisema ya kweli?"

Nikaenda kuandika ukurasa wa tisa, ukurasa bora kuliko zote. Niliandika kwamba nchi zile ziliongeza kwa makusudi, na kila moja ilijua kwamba mwenzake naye ameongeza.

Jumamosi moja Madame aliniita tukutane kwenye mkahawa pale Flagey, siku ya soko. Akaninunulia chai. Nikaiangalia chai ile. Akafungua insha yangu, na ukurasa wa tisa ulikuwa mwekundu kwa wino kama umechinjiwa kuku.

"Nani amesema waliongeza kwa makusudi?"

"Mimi, Madame."

"Ulikuwepo?"

"Kwa namna fulani."

Akavaa miwani. "Vitabu vinasema orodha ilikuwa kubwa mno. Havisemi walidanganya. Walikuwa wametoka vitani, labda kweli walihitaji vyote hivyo. Ondoa ukurasa huu na nakuhakikishia hutapata shida. Ukiuacha, juri watakuuliza umejuaje, na usipoweza kuonyesha, mimi mwenyewe sitakuokoa."

Mtu mwingine angeushukuru ushauri huo. Mimi nilitembea kuzunguka bwawa la Ixelles mara tatu nikijiuliza kwa nini anataka ukurasa ule utoke. Nani amemtuma? Je, kuna ofisi inayolinda heshima ya orodha? Bata wa bwawani walinitazama kama wanajua kitu.

Nikaenda Matonge kwa tonton, mjomba wa kila mtu, kinyozi kutoka Lubumbashi, mtu mwenye habari za Brussels yote kabla hazijatokea. Nikakaa kwenye kiti chake, nikamweleza.

"Na kwenye jury banakuwa bangapi?" akauliza, mashine ikinguruma sikioni mwangu.

"Trois. Madame, directeur, na mutu moja wa inje."

Mashine ikazimwa. "Wa inje? Inje ya wapi?"

"Sijue, tonton. Banasema alifanyaka kazi ya misaada Afrika."

"Alors." Akageuza kiti nimwangalie machoni. "Mutu wa misaada, anakuya kufanya nini ku examen ya bantu ba jioni? Fikiria, fiston. Weye uliingia inchi hii na dossier. Mu dossier kuko camp. Mu camp kuko liste. Na mu liste muko bangapi?"

"Tonton, uache..."

"Miye sisemi kitu. Ninakata nywele tu."

Nilitoka pale na nywele nzuri na shuku mpya. Sasa nilikuwa na njia mbili. Niondoe ukurasa wa tisa, nipite kimya kimya, Septemba niwe muuguzi. Au niuache, niulizwe nimejuaje, nimtaje pacha wangu mbele ya mtu ambaye labda ndiye aliyekuwa ameshika kalamu. Nikaamua kuuondoa. Nikauondoa kweli. Asubuhi ya mtihani mama mdogo aliona karatasi ile juu ya meza, peke yake, akavaa miwani yake akaisoma kwa Kifaransa chake polepole, kidole kikifuata mistari.

"Hii njo ile ya orodha?"

"Njo hiyo. Ninaiondosha. Banaweza kuniuliza nilijua wapi."

"Na ulijua wapi?"

"Unajua kwenye nilijua."

"Bon. Bakikuuliza ulijua wapi, useme kwenye ulijulia." Akanirudishia. "Papa yako aliongeza, weye leo unapunguza. Hamuchokake?"

Nikaurudisha ukurasa mahali pake. Ningefanya nini? Mwanamke huyo alinitazama kwa macho ya mtu aliyesema wanne.

Mtihani ulikuwa saa kumi na mbili jioni, na jua la Juni lilikuwa bado limejaa darasani kana kwamba ni adhuhuri. Madame alikaa kushoto, mkurugenzi wa shule katikati akipekua simu, na kulia mtu wa nje, mzee mrefu mwenye mikono yenye madoa ya jua. Nilipoingia akasimama, akanyoosha mkono.

"Karibu. Habari ya leo?"

Kiswahili! Tena cha kwetu, chenye ule mwimbo wa Kivu. Mbele yake kulikuwa na orodha ya watahiniwa, na kalamu yake ilikuwa imelala juu ya jina langu. Juu yake kabisa, si pembeni.

Nilieleza hotuba, nilieleza msimu wa baridi, nilieleza Warusi. Mkurugenzi alitikisa kichwa mara mbili. Kisha yule mzee akafungua ukurasa wa tisa. "Hapa," akasema kwa Kifaransa, "hujataja kitabu chochote. Umejuaje?"

"Nimesoma, Monsieur. Mahali fulani."

"Mahali gani?"

Nilimwona Madame akiivua miwani yake. Nilifikiria Septemba. Nilimfikiria tonton na mashine yake, na dossier yangu, lile faili la ukimbizi, katika kabati fulani la mji huu. Nikaangalia ile kalamu. Halafu nikasema. Nilisema kambi, nilisema meza, nilisema saba. Nilisema shati jekundu na shati la bluu, nikasimama nikawaonyesha jinsi nilivyozunguka hema, nikazunguka dawati la mkurugenzi naye akaiweka simu chini. Nikasema, nchi zile kumi na sita sikuzijua, lakini mtu anayeambiwa andika unachohitaji, na anajua wengine nao wanaandika, na anajua mwenye ghala yuko mbali, namjua huyo. Amenizaa.

Nje tramu ilipita. Nilingoja mlango ufunguliwe na askari waingie.

Yule mzee akaniuliza kwa Kiswahili: "Viatu je?"

"Viatu?"

"Ulibadilisha shati. Viatu ulibadilisha?"

"Nilikuwa na jozi moja tu ya ndala, Monsieur."

"Njo hivyo," akasema taratibu. "Sisi tulikuwa tunaangalia miguu. Shati jekundu, shati la bluu, na matope yaleyale kwenye vidole vilevile."

Nilikaa bila kuambiwa nikae. Miaka ishirini na mitano ya ujanja wangu, mbio zangu zote zile, na kumbe walikuwa wanasoma vidole!

"Mlijua?"

"Si mimi kwenye kambi yenu. Lakini kila mtu aliyeshika orodha alijua."

"Na mkaandika saba?"

Sasa alirudi kwenye Kifaransa ili wenzake wasikie. "Kufuta familia moja moja kulileta ugomvi. Ilikuwa rahisi zaidi kuacha idadi ilivyo, kisha ghalani tunapunguza. Kwa kila familia, sawasawa, kabla ya kugawa. Waamerika walifanya jambo la kufanana na hilo na orodha ya Paris, umeandika mwenyewe."

Nilitaka kucheka. Baba anaongeza, wao wanapunguza, tunakutana katikati, pacha anakula. Hesabu safi. Kisha nikaona hema la pili, la mama mdogo.

"Na mtu aliyesema kweli?" nikauliza. "Yeye naye mlimpunguzia?"

Akaichukua kalamu, akaifunga kifuniko chake. "Hatukuwa na njia ya kumjua," akasema.

Nilipita. Madame aliniambia koridoni, kabla ya matokeo kubandikwa, kwamba ukurasa wa tisa ubaki, ila niandike chini yake kwamba chanzo ni mwandishi mwenyewe. Akanipa mkono, akacheka, akasema amefurahi kwamba kura ilinipa mada ile. Kura! Nilipopewa cheti cha muda nilikisoma mbele, nikakigeuza nikakisoma na nyuma, ambako hakukuwa na kitu, nikakisoma tena kuhakikisha.

Ngazi za nyumbani jioni ile zilikuwa za ghorofa ishirini na nne. Mama mdogo alikuwa ameshaandaa: fufu, sombe, yaani kisamvu chetu, na samaki wa kukaanga. Aliponiona usoni akapiga kigelegele kimoja kifupi, cha kutosha kuwaamsha majirani wote waliokuwa bado hawajalala. Akapakua. Kipande kimoja. "Ya weye." Kipande cha pili, kikubwa. "Na ya ndugu yako, leo naye ametahiniwa."

Sikula. Nikamweleza yote, ndala, miguu, ghala. Nilieleza haraka, kwa mzaha, kama ninavyoeleza kila kitu, na mzaha ukaniishia kabla ya sentensi ya mwisho, kwa hiyo sentensi ya mwisho niliisema kama ilivyo: walipunguza kwa wote sawasawa.

Mama mdogo alikuwa amekaa na kijiko cha kupakulia mkononi. Alikiangalia.

"Donc," akasema, "nilisema banne."

"Ndiyo, mama mudogo."

"Njo balileta ya batatu."

"Njo vile."

"Na weye, ile ndugu yako. Alikula?"

"Alikula."

Akafikiri. Dirisha lilikuwa wazi na jua bado lilikuwa juu ya mapaa ya Ixelles, halina haraka ya kwenda popote. Kisha akanyoosha kijiko mpaka kwenye sahani yangu, akainua kile kipande kikubwa, akakishikilia hewani kidogo kama mtu anayepima uzito, akakiweka kwenye sahani yake.

"Leta na sombe yake," akasema.

Nikalisukuma bakuli upande wake.